Blanketi la viraka limekwama? Tafuta kwanza limekwamia wapi

Blanketi langu la kwanza la viraka nililianza nikiwa na mimba ya huyu wa mwisho. Hesabu yangu ilikuwa akizaliwa mwezi wa sita, na baridi ya Njombe ya mwezi wa sita anayeijua anaijua, atalikuta lipo tayari. Saivi yuko darasa la pili. Mwaka jana alinikuta nimeshusha ule mfuko wa sandarusi kutoka juu ya kabati akaniuliza, "Mama, hivi hili ni blanketi au ni vitambaa?" nikakosa cha kujibu, maana kiukweli lilikuwa hapo katikati.

Miaka yote hiyo nilikuwa nasema sina muda, mara watoto, mara shamba la viazi, mara wageni. Siku ile nikalitandaza lote kitandani na ndo nikaona kilichonishinda: mstari wa tano ulikuwa mfupi kuliko wa nne kwa inchi moja na ushee. Basi. Nilifika hapo nikaona vipande haviingiani, nikakunja nikasema kesho, na hiyo kesho ikawa miaka saba. Tangu siku hiyo kila kazi ya mshono inayolala naifanyia hivohivo, natandaza, naangalia niliachia wapi, maana mara nyingi pale ulipoachia kuna kitu kimoja kidogo ulikuwa unakikwepa. Hizi hapa chini ni dalili zilizonikuta mimi, na nyingine za majirani wanaoniletea kazi zao zilizowashinda.

Vipande haviingiani, mstari mmoja mrefu mwingine mfupi

Naanza na hii kwa sababu ndo iliyonila miaka saba. Blanketi langu lina vipande 12 kwa upana na 15 kwa urefu, jumla 180. Kila kimoja nilikikata inchi nne na nusu ili kikishashonwa pande zote kibaki inchi nne, yani robo inchi inaliwa na mshono kila upande. Mistari minne ya kwanza nilishona mchana nikiwa makini. Huu wa tano nilishona usiku umeme umekatika, cherehani yangu ni ya mguu kwahiyo haisumbuliwi na umeme ila macho yangu yanasumbuliwa, natumia tochi ya simu niliyoiegemeza kwenye kopo, mshono ukawa unaingia ndani zaidi kwa robo ya robo inchi hivi, haifiki hata milimita mbili. Ukiutazama mshono mmoja huoni kosa kabisa. Lakini hiyo milimita inaliwa kwenye vipande vyote viwili unavyounganisha, na mstari wa vipande 12 una mishono 11, sasa piga hesabu mwenyewe: robo ya robo, mara mbili, mara 11, ndo ile inchi moja na ushee.

Namna ya kujua kama na wewe una tatizo hili: chukua vipande vitatu vya majaribio, viunge, piga pasi, kisha pima kile cha katikati. Kama ulikusudia inchi nne na kimesoma inchi nne, cherehani yako na mkono wako viko sawa. Kikipungua mshono wako ni mpana mno, kikizidi ni mwembamba mno. Usipime kabla ya kupiga pasi, mshono usiopigwa pasi unadanganya.

Dawa yake ni plasta, ile ya kufungia kidonda. Weka futi kamba chini ya sindano, zungusha gurudumu kwa mkono taratibu sindano ishuke mpaka iguse alama, pima robo inchi kwenda kulia, bandika plasta hapo kwenye bati la chini ya sindano. Mi nimebandika tabaka tatu moja juu ya nyingine ili ukingo wa kitambaa uwe unagota, hata kukiwa giza vidole vinasikia.

Na ule mstari ulioharibika tayari? Usifumue kwanza. Kama mshono umeingia ndani sana, shona mpya palepale kwenye robo inchi sahihi, alafu ndo ufumue ule wa zamani wa ndani. Vipande havichezi, huhitaji pini, kazi ya mishono 11 mi nilimaliza wakati maharage yanachemka. Miaka saba kwa sufuria moja ya maharage, nilicheka mwenyewe jikoni.

Kama tofauti ni ndogo, chini ya nusu inchi kwa mstari mzima, hata usihangaike: bana ncha zote mbili kwa pini, bana katikati, gawanya tena katikati, ule mstari mrefu uweke chini upande wa meno ya cherehani. Meno yanausukuma wa chini zaidi kuliko wa juu, kwahiyo yenyewe yataumeza ule urefu.

Sababu nyingine ni pateni, kile kigezo unachokizungushia chaki ili ukate. Wengi tunakata pateni ya boksi la sabuni, na kwa vipande kumi vya kwanza iko poa, ila ukishachora mara mia kona zimelika zimekuwa duara, na chaki yenyewe ukiinoa vibaya inaongeza unene pembeni, ukikatia nje ya mstari kipande kinakua. Tafuta picha ya X-ray ya zamani, kila nyumba inayo moja chini ya godoro, kata pateni ya hiyo, hailiki na unaona ua la kitenge kupitia humo. Na mkasi uende ndani ya mstari wa chaki siku zote, usibadilishe badilishe.

Alafu kuna kukata mlalo. Vuta kitambaa kwa urefu, hakivutiki. Kivute kona kwa kona, kinanyumbuka kama chapati mbichi. Kipande kilichokatwa kikielekea huko hata ukishone vizuri kitajivuta. Khanga hapa zinasumbua kidogo kwa sababu maua yanaweza kuwa yamechapwa yamepinda kidogo na uzi wa kitambaa, ukifuata pindo unajikuta umekata mlalo bila kujua. Fuata uzi, achana na ua.

Uzi unajikusanya chini kama kiota cha ndege

Kila mtu akiona fujo iko chini anahangaika na bobini, ile ya uzi wa chini, anakaza kaskrubu ka kwenye kikasha, anakalegeza, mwisho anaharibu na kilichokuwa kizima. Fujo ikiwa chini, kosa mara nyingi liko juu. Uzi wa juu haujaingia kwenye vile visahani viwili vinavyoubana, na haukuingia kwa sababu ulipitisha uzi ile miguu inayokandamiza kitambaa ikiwa imeshushwa, visahani vikiwa vimefungwa. Nyanyua mguu, toa uzi wote, pitisha upya kuanzia kwenye kigurudumu cha uzi, shusha mguu, vuta uzi kidogo usikie unakataa. Hapo nimekuokolea hela ya fundi.

Bobini yenyewe ikaguliwe hivi: toa kikasha chake na bobini ndani, kining'inize kwa uzi wake, kipe mshtuko mdogo. Kinatakiwa kishuke kidogo kisha kisimame. Kikianguka chote kimelegea, kisiposhuka kabisa kimekaza. Skrubu izungushe robo mzunguko tu, ujaribu tena.

Cherehani inaruka mishono, au inakata uzi

Sindano. Badilisha sindano, ndo mwanzo na mara nyingi ndo mwisho. Watu wanakaa na sindano moja tangu harusi ya dada. Kwa kitenge na khanga namba 14 inatosha, ukifika kwenye tabaka tatu, yani uso, kijazio na mgongo, weka 16. Unapoiweka, ule ubavu bapa wa juu ukae upande wa pili wa kule uzi unakoingilia, yani ule mfereji mrefu wa sindano ndo uutazame uzi unakotokea. Sindano iliyogeuzwa inaruka hata iwe mpya.

Kama ya mguu ndo unajifunza, gurudumu la juu linatakiwa lizunguke kuja kwako. Ukikanyaga likaenda nyuma, uzi unakatika. Uzi wenyewe nao ukate kipande uvute kwa mikono miwili, uzi uliokaa dirishani juani unakatika puu kama majani makavu, huo tumia kufungia mboga.

Cherehani imekuwa nzito ghafla

Hii ngoja niiseme vizuri maana ni ujinga wangu. Mi nimezaliwa Tanga, na mama alikuwa anatuletea mafuta ya nazi kwenye chupa ya maji. Mwaka mmoja mafuta ya cherehani yakaniishia, nikaona mafuta si mafuta, nikatia ya nazi kila tundu. Ikawa laini mwezi mzima. Ilipoingia baridi, asubuhi moja nakanyaga pedeli haiendi, nikafikiri mkanda, nikafungua mkanda, gurudumu lenyewe kwa mkono halizunguki. Mafuta ya nazi yakifika nyuzi joto 24 kushuka chini yanaanza kuganda, Tanga hulijui hilo ila Njombe mwezi wa saba chupa nzima ni jiwe jeupe, na ndani ya cherehani vilevile. Mafuta ya alizeti nayo hayafai, hayagandi kwa baridi ila kadri siku zinavyoenda yanakuwa gundi ya kahawia.

Nilivyotoka hapo: niliitoa nje juani mchana kutwa, nikatia mafuta ya taa kila tundu (mbali na jiko na pasi ya mkaa tafadhali), nikazungusha gurudumu mbele nyuma mpaka ukatoka uchafu kama ugoro, nikafuta na tambara, nikaacha ikauke usiku, ndo nikatia mafuta yenyewe ya cherehani tone moja moja. Alafu nikashona kwenye tambara kwanza dakika kumi, ukienda moja kwa moja kwenye kazi yako mafuta machafu yatadondokea palepale kwenye kipande cheupe, uliza mimi.

Kabla ya yote hayo lakini, fungua bati uangalie chini ya meno. Vumbi la nyuzi linajipanga pale mpaka linakuwa kama kipande cha blanketi, na cherehani inakuwa nzito kwa hilo tu. Mswaki wa zamani unatosha.

Rangi imechuja

Umefua kwa mara ya kwanza, khanga nyekundu imetema kwenye vipande vyeupe, unataka kulia. Lia baadae, saivi usianike na usipige pasi. Rangi ikikaukia na ikapigwa pasi umeipa kibali cha kukaa. Irudishe kwenye maji mengi ya moto kiasi mikono inavumilia, sabuni ya unga ya kutosha, iache iogelee bila kujikunja, badilisha maji yakishakuwa pinki, rudia. La jirani yangu tulibadilisha maji mara sita, mara ya saba yakatoka safi, rangi yote ya pinki ikaondoka isipokuwa kona moja ambayo hata yeye saivi anaitafuta.

Chumvi na siki watu wanavisifia sana ila kwa vitambaa vya dukani usivitegemee. Bora upime kabla: lowesha kipande, kiweke juu ya kitambaa cheupe, piga pasi ya moto. Ikitoka alama, hiyo ifuliwe peke yake mpaka iache, au isiingie kwenye blanketi. Na khanga mpya na kitenge kipya vyote vifue kabla ya kukata, ule wanga wa dukani ukitoka na kitambaa kinasinyaa, sasa kama nusu ya vipande vimefuliwa na nusu bado, blanketi likifuliwa litakuwa na matuta.

Hapohapo pima kama kitenge chako ni pamba. Choma nyuzi mbili tatu: pamba inaungua kama karatasi, inaacha majivu laini, ile nyingine inayeyuka inabaki kidonge kigumu. Hiyo ya kidonge pasi ya moto itakuja kuilamba siku moja.

Umefumua na wembe ukapasua

Wote tunatumia wembe, tusidanganyane. Mi nilipasua kipande katikati ya mstari wa tisa, tundu la urefu wa kidole, na kukitoa ilibidi nifumue pande nne. Sikufumua. Nilikata ua zima kutoka kwenye kitenge kingine, nikakunja kingo kwa pasi, nikaliweka juu ya tundu, nikazungushia kwa mkono mishono midogo. Wageni wanauliza hilo ua ulifikiriaje. Nawaambia nilifikiria sana.

Tabaka tatu zimekushinda

Hapa ndo makaburi ya mablanketi mengi. Uso umeisha, umependeza, umepiga picha umetuma kwa mawifi, sasa kinatakiwa kijazio katikati na mgongo chini, na hapo linalala miaka.

Kama kinachokusumbua ni kijazio, usitafute cha dukani. Blanketi jepesi la mtumba, lile la manyoya mafupi, liko tayari na limeshasinyaa lote linaloweza kusinyaa. Kama ni mikunjo kwenye mgongo, sababu ni kwamba uliutandaza bila kuuvuta. Fagia sakafu, laza mgongo upande mbaya juu, bandika kingo na utepe wa karatasi wenye gundi ukiwa umenyooka bila kuteseka, juu yake kijazio, juu yake uso, mgongo uzidi inchi mbili kila upande. Alafu pini za kufunga, zile za nepi, kila baada ya kiganja, kuanzia katikati kwenda nje. Au piga bandi, yani mishono mirefu ya muda, kwa uzi wa rangi inayoonekana. Watoto wafungiwe nje, paka pia. Kushona nako anzia katikati, ukianzia pembeni zile hewa zote zinakusanyika katikati na hazina pa kutokea.

Kama tatizo ni kwamba blanketi likikunjwa haliingii chini ya mkono wa cherehani, na la kwangu halikuingia, nilijaribu jioni tatu mabega yakaniuma, basi acha cherehani. Funga mafundo. Sindano kubwa, uzi mnene wa pamba, kila kona vipande vinne vinapokutana chomeka kushuka, rudi juu, funga fundo mara mbili, kata uache mkia wa nusu inchi. Kwa vipande vya inchi nne mafundo yanakuwa kila baada ya inchi nne, kijazio hakiendi popote. Kwangu kona za ndani ni 154, nilikuwa nafunga kumi kumi usiku huku nasikiliza redio. Kuna watu watakuambia hiyo ni njia ya mkato. Ndio, ni ya mkato, na limeisha.

Hakuna kosa lolote ila huendelei

Ukishatandaza ukakuta kila kitu kiko sawa, basi angalia inakuchukua muda gani kuanza. Kama ili ushone dakika ishirini inabidi utoe cherehani chini ya meza, utafute mkasi ambao mtoto amekatia daftari, utafute kipande gani kinafuata, hutaanza. Kabla hujafunga kazi, mstari unaofuata uache umeshabanwa pini na kikaratasi chenye namba, mkasi umefungwa kwa kamba kwenye mguu wa cherehani. Lengo langu ni mstari mmoja kwa jioni nikipata, na nisipopata wiki mbili sidai deni.

Wengine wanaacha kwa maneno. Ukishona viraka utaambiwa tu, mwenzetu umefikia huko. Mimi niliambiwa na mtu wa ndani kabisa. Sasa wa hivyo mkumbushe khanga aliyojifunga ilianzaje: wanawake wa pwani, karne ya 19, walikuwa wananunua leso za mkononi zikiwa bado hazijatenganishwa kwenye jora, wanakata sita, tatu juu tatu chini, wanaziunga kwa mshono zinakuwa vazi moja. Leso za kushona. Mombasa mpaka leo wanaiita leso. Huyo wa kwangu aliposikia hivo alinyamaza, wiki mbili baadae akaniletea mfuko wa mabaki ya vitenge, hakusema ni vya nini.

Limeisha ila mwenyewe ameshakua

Miaka saba ina gharama yake. Blanketi lilitoka inchi 48 kwa 60, la mtoto mchanga kabisa, na mwenyewe analala kitanda cha futi tatu kwa sita na anataka lichomekwe chini ya godoro miguuni. Usianze mistari mipya. Kama bado hujafunga kingo, chukua khanga, kata pindo lake refu, ongeza upande wa juu na wa chini. Mi niliongeza inchi tano tano, likafika 70, mgongo nikauongezea kipande cha shuka.

Kosa nililofanya ni kukata pindo la chini pamoja na nusu ya jina la khanga, nikalishona kichwa chini, limebaki neno MWENYEJI linalosomeka kwa aliyelala tu. Analisoma kila usiku kwa sauti, na mwezi wa sita huu hajaniamsha kuomba soksi.